Mstari wa Wiki Tano: Historia Iliyo Nyuma ya Filamu ya "Veer-Zaara"



Hapana shaka wapo wasomaji watakaostaajabu kuona ukurasa wa historia katika gazeti letu umetolewa kwa filamu ya mapenzi ya Kihindi. Watasema sinema ni burudani ya Jumamosi jioni na historia ni somo la darasani, kila kimoja na mahali pake. Walakini filamu nzuri huweza kumfikisha mtu kwenye mlango wa historia haraka kuliko kitabu, mradi akiufikia asiishie kibarazani. "Veer-Zaara" ni filamu ya namna hiyo. Watu wengi wameililia, lakini ni wachache waliojiuliza mpaka ule unaowatenganisha wapenzi wawili ulitoka wapi, nani aliuchora, na watu wa kweli waliopendana juu yake walifikwa na nini. Makusudi ya makala hii ni kujaribu kuyajibu maswali hayo.

Filamu yenyewe

"Veer-Zaara" ilitolewa Novemba 2004, wakati wa sikukuu ya Diwali. Iliongozwa na Yash Chopra na kuandikwa na mwanawe, Aditya Chopra. Veer Pratap Singh, anayechezwa na Shah Rukh Khan, ni rubani wa Jeshi la Anga la India ambaye kazi yake ni kuwaokoa watu waliopatwa na ajali. Zaara Hayaat Khan, anayechezwa na Preity Zinta, ni binti wa mwanasiasa mkubwa wa Lahore, nchini Pakistan. Mlezi wa Zaara, bibi wa Kisingasinga aitwaye Bebe, anapofariki anaacha wasia kwamba majivu yake yapelekwe Kiratpur, upande wa India, yakatiwe mtoni kwa desturi ya watu wake. Zaara anaondoka peke yake bila ruhusa ya wazazi. Njiani basi lake linapata ajali, Veer anamwokoa kwa helikopta, anamsindikiza hadi Kiratpur, kisha anamwomba ampe siku moja tu ili akaone kijiji chake. Wanaagana katika stesheni ya Attari, karibu na mpaka, mbele ya Raza, mchumba ambaye Zaara amechaguliwa na wazazi wake.

Veer anaacha kazi ya jeshi na kumfuata Lahore. Mama yake Zaara anamsihi aondoke kwa ajili ya heshima ya nyumba, naye anakubali. Lakini Raza hatosheki. Anafanya mpango Veer akamatwe na kubambikiwa jina la jasusi, Rajesh Rathore. Ili Zaara asidhuriwe, Veer anatia sahihi jina lisilo lake na kukaa kimya gerezani miaka 22, akijulikana kwa namba 786 tu. Basi ambalo lilikuwa limchukue kurudi India linatumbukia bondeni, na watu wote wa kwao wanaamini amekufa. Mwishowe wakili kijana wa Kipakistani, Saamiya Siddiqui, anayechezwa na Rani Mukerji, anapewa kesi yake. Saamiya anavuka mpaka kutafuta ushahidi wa jina lake, na katika kijiji cha Veer anamkuta Zaara mwenyewe. Kumbe Zaara alikataa kuolewa na Raza, akavuka kwenda India, na kwa miaka yote ile amekuwa akiishi pale akitunza shule ya wasichana kwa kumbukumbu ya mtu anayedhani ni marehemu. Wanarudi pamoja mahakamani Lahore, Veer anaachiliwa, na wawili hao, nywele zikiwa na mvi, wanavuka mpaka kwa miguu kupitia Wagah.

Mstari ulivyochorwa

Mpaka huo wa Wagah haukuwapo kabla ya mwaka 1947. Punjab ilikuwa jimbo moja, na Waislamu, Wahindu na Masingasinga walikuwa wakiishi humo kwa kuchanganyika, wakisema lugha moja na kununua katika masoko yaleyale. Lahore na Amritsar zilikuwa miji jirani, yapata kilomita 50 kutoka mmoja hadi mwingine. Mfanyabiashara aliweza kwenda asubuhi na kurudi nyumbani jioni.

Tarehe 3 Juni 1947 Lord Mountbatten, gavana mkuu wa mwisho wa Kiingereza, alitangaza kwamba Bara Hindi litagawanywa kuwa nchi mbili, India na Pakistan, na kwamba majimbo ya Punjab na Bengal yatakatwa vipande viwili. Kazi ya kuchora mistari alipewa Sir Cyril Radcliffe, wakili mashuhuri wa London ambaye hakuwa amepata kukanyaga ardhi hiyo hata mara moja. Aliwasili tarehe 8 Julai. Alipewa ramani, takwimu za sensa ya mwaka 1941 na muda wa wiki tano. Aliwekewa pia majaji wa kumsaidia, nusu yao Waislamu na nusu wasio Waislamu. Kwa kuwa majaji hao walishindwa kukubaliana katika mambo makubwa, uamuzi ulimwangukia yeye peke yake. Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Radcliffe alitakiwa akigawe kitanda hicho kwa kalamu kabla hajakilalia usiku mmoja.

Pakistan ilipata uhuru tarehe 14 Agosti na India tarehe 15. Mstari wa Radcliffe ulitangazwa tarehe 17. Yaani kwa siku mbili mamilioni ya watu walisherehekea uhuru bila kujua kwa hakika wako nchi gani. Wilayani Gurdaspur watu walihesabiwa kuwa wa Pakistan, kisha wakaambiwa kwamba sehemu kubwa ya wilaya yao ni India. Radcliffe aliyachoma moto makaratasi yake, akaondoka, wala hakurudi tena maishani mwake.

Mauaji yalikuwa yamekwisha anza Punjab tangu Machi mwaka ule, lakini baada ya mstari kutangazwa yalifurika. Treni za wakimbizi zilifika stesheni zikiwa zimejaa maiti. Misafara ya watu na ng'ombe ilipishana barabarani, Waislamu wakielekea magharibi, Wahindu na Masingasinga wakielekea mashariki. Wanahistoria hukadiria kwamba watu kati ya milioni 12 na 15 walihama makwao. Idadi ya waliouawa hukadiriwa kuwa kati ya 200,000 na milioni 2, na wengi hukubali milioni 1 kama kadirio la wastani.

Wanawake wasioulizwa

Hapa ndipo tunapofikia sura ya historia iliyo karibu zaidi na filamu yetu. Katika ghasia zile maelfu kwa maelfu ya wanawake walitekwa nyara, na kadirio litajwalo mara nyingi ni wanawake 75,000 kwa pande zote mbili. Wengine waliuzwa, wengine walilazimishwa kuolewa na kubadili dini. Serikali za India na Pakistan zilikubaliana Desemba 1947 kwamba kila upande utawatafuta wanawake hao na kuwarudisha. Mwaka 1949 India ilitunga sheria kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa sheria hiyo, mwanamke Mwislamu aliyeonekana kuishi na mwanamume asiye Mwislamu tangu tarehe 1 Machi 1947 alihesabiwa kuwa ametekwa. Polisi waliweza kumchukua bila hati ya mahakama, na ikiwa kulikuwa na ubishi, aliyeamua alikuwa ni baraza la maofisa. Katika sheria nzima hapakuwa na kifungu kilichomtaka mtu yeyote amwulize mwanamke mwenyewe anataka kwenda wapi.

Wanawake wapatao 30,000 walirudishwa, wengi wao wakitolewa India kupelekwa Pakistan. Kwa maelfu kati yao huo ulikuwa wokovu wa kweli, na haifai kuusahau. Lakini wapo waliokuwa wamekwisha jenga nyumba mpya na kuzaa watoto. Wapo walioogopa kwamba ndugu zao hawatawapokea, na wapo waliokuwa wamempenda mtu waliyeishi naye. Hao nao walichukuliwa. Mwaka 1998 vilitoka vitabu viwili muhimu, kimoja cha Urvashi Butalia na kingine cha Ritu Menon na Kamla Bhasin, vilivyokusanya simulizi za wanawake hao walipokwisha kuwa wazee. Ndipo wasomaji wengi walipotambua ukubwa wa jambo lililokuwa limefichwa na aibu kwa miaka hamsini.

Kisa kijulikanacho zaidi ni cha Boota Singh, Msingasinga aliyekuwa askari wa zamani. Wakati wa ghasia alimwokoa msichana wa Kiislamu aitwaye Zainab kwa kutoa fedha, wakaoana na kupata binti. Baada ya miaka kadhaa maofisa walikuja wakamchukua Zainab na kumpeleka kwa jamaa zake Pakistan. Boota Singh alisilimu, akavuka mpaka bila kibali, akamfuata. Mahakamani Lahore, mbele ya ndugu zake, Zainab alimkana. Mwaka 1957 Boota Singh alijitupa mbele ya treni akiwa na bintiye. Yeye alikufa, mtoto akanusurika. Alizikwa Lahore. Filamu ya Kipunjabi ya mwaka 1999 ilikisimulia kisa hicho, na "Gadar" ya mwaka 2001 ilikichukua ikakigeuza: ndani yake shujaa anawapiga maadui wote na kurudi nyumbani na mkewe.

Sasa mtazame Zaara. Anavuka mpaka mara ya kwanza kwa hiari yake, kutimiza wasia wa mama wa dini nyingine. Anavuka mara ya pili kwa hiari yake, kwenda kuishi katika kijiji cha mtu anayedhani ni marehemu. Anavuka mara ya tatu kwenda kusimama kizimbani na kusema kwa kinywa chake. Zainab alisimama mbele ya mahakama ya mji huohuo, asiweze kusema alichokuwa nacho moyoni. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nguvu halisi ya filamu hii, kushinda nyimbo na machozi yake: inampa mwanamke neno ambalo sheria ya mwaka 1949 ilimnyima.

Watengenezaji na wakati wao

Yash Chopra alizaliwa Lahore mwaka 1932. Kaka yake, B. R. Chopra, alikuwa mwandishi wa habari za sinema mjini humo kabla ya mgawanyiko kuwahamishia India. Mapema mwaka 1961 Yash alikwisha ongoza "Dharmputra", filamu inayohusu uhasama wa dini na mgawanyiko wenyewe. Kwa hiyo alipoijenga Lahore ya kuigiza katika "Veer-Zaara" alikuwa akiujenga mji wa utoto wake. Hata muziki wa filamu ulitoka zamani: ni tuni ambazo mtunzi Madan Mohan aliziacha bila kutumika alipofariki mwaka 1975, mwanawe akazitengeneza upya, Javed Akhtar akaandika maneno, na Lata Mangeshkar akaimba.

Kabla yake alikuwapo Raj Kapoor, mzaliwa wa Peshawar, ambayo nayo iliangukia Pakistan. Alipanga filamu ya "Henna", lakini alifariki mwaka 1988 kabla ya kuitengeneza, na mwanawe Randhir akaimaliza mwaka 1991. Humo kijana wa Kihindi anachukuliwa na mto Jhelum hadi upande wa pili, anaokolewa na msichana wa huko, na msichana huyo anakufa mpakani akijaribu kumrudisha kwao. Msichana alichezwa na Zeba Bakhtiar, mwigizaji wa Pakistan, na mazungumzo yaliandikwa na Haseena Moin, mwandishi wa Pakistan. Tukumbuke kwamba wakati huo majumba ya sinema ya Pakistan yalikuwa yamepigwa marufuku kuonyesha filamu za India tangu vita vya mwaka 1965.

Isitoshe, mwaka 2004 haukuwa mwaka wa kawaida. Nchi hizo zilipigana Kargil mwaka 1999. Bunge la India lilishambuliwa Desemba 2001, na mabasi na treni za mpakani zikasimamishwa. Mwaka 2002 majeshi yalikabiliana kwa miezi mingi. Kisha upepo ukageuka. Basi la Delhi na Lahore lilianza tena Julai 2003, risasi zilisitishwa Kashmir Novemba mwaka huo, Waziri Mkuu Vajpayee alikwenda Islamabad Januari 2004, na timu ya kriketi ya India ikazuru Pakistan miezi michache baadaye. "Veer-Zaara" ilitoka katika upenyo huo wa matumaini. Upenyo haukudumu. Agosti 2019 mabasi na treni vilisimama tena, na baada ya mauaji ya watalii Pahalgam, Aprili 2025, India ilitangaza kulifunga lango la Attari, njia ileile waliyopita Veer na Zaara.

Jalada la mfungwa

Sisi tunaofanya kazi katika ofisi za umma tunaufahamu uzito wa jalada. Mtu akishaingizwa masijala kwa jina lisilo lake, kila ofisa anayefuata huliamini jalada kuliko anavyomwamini mtu mwenyewe. Miaka 22 ya Veer si chumvi iliyozidi. Kashmir Singh, raia wa India, alikamatwa Pakistan mwaka 1973 akaachiliwa Machi 2008, baada ya miaka 35. Na hapa historia ni ngumu kuliko sinema, kwa sababu baada ya kurudi alikiri hadharani kwamba kweli alikuwa jasusi. Lakini wengi wa wafungwa wa mpaka huo ni wavuvi tu wa Gujarat na wa Sindh, ambao mashua zao huvuka mstari usioonekana baharini. Mwaka 2008 nchi hizo mbili zilitia sahihi mapatano ya kubadilishana orodha za wafungwa kila tarehe 1 Januari na 1 Julai. Karatasi hiyo ndogo ina maana kubwa. Familia ya mvuvi huweza kujua walau kwamba yu hai.

Ndiyo maana tendo la kwanza la Saamiya katika filamu linanigusa mimi kuliko yote. Mfungwa hajasema neno na mtu kwa miaka mingi. Saamiya anamwita kwa jina lake la kweli, naye anafungua kinywa.

Filamu hii ina kasoro yake, na ni haki tuiseme. Inalibebesha kosa lote mtu mmoja mwovu, Raza. Mtazamaji anatoka akidhani kwamba pasingekuwa na mchumba mwenye wivu, mpaka usingemdhuru mtu. Historia inasema vingine. Radcliffe hakuwa mtu mwovu. Maofisa na akina mama wafanyakazi wa ustawi wa jamii waliowatafuta wanawake wale walikuwa wengi wao watu wema, waliojitolea kwa dhati. Madhara yalitokana na watu wema waliotekeleza amri bila kumwuliza anayehusika.

Sisi na mpaka ule

Msidhani mambo haya ni ya mbali. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi walioandikwa kazi Punjab na kupakiwa melini Karachi. Waislamu na Masingasinga walitaruma katika kambi moja, wakitoka nchi moja. Baadhi yao walibaki huku. Mwaka 1947 wao na watoto wao waliamka Nairobi na Mombasa wakaambiwa kwamba kijiji cha babu kiko India na cha jirani yao kiko Pakistan. Nasi wengine tumezijua filamu za Kihindi tangu enzi za Raj Kapoor, tukazipenda katika majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa hata bila kuijua lugha. Si vibaya basi tukijua pia waliozitengeneza walikuwa wakililia nini.

Enyi wanafunzi, miaka si mingi nanyi mtashika kalamu za ofisi. Mtaandika majina ya watu, mtachora mipaka ya viwanja, vijiji na wilaya, mtapitisha au kukataa maombi. Mara nyingi mtakuwa na haraka, na mkubwa wenu atataka kazi iishe kabla ya Ijumaa. Jisomeni historia ya Punjab mapema, kabla siku hiyo haijafika. Kisha siku hiyo ikifika, kabla ya kutia sahihi, mtafuteni yule ambaye jina lake limo ndani ya jalada, mkamwulize.